Mtoto Asiyesikia Hakaidi Amri

Ndugu zetu askari wa jeshi na wa polisi, katika kazi yenu amri ndiyo msingi wa kila jambo. Mlinzi aliye zamu husema "Simama!", na anayeambiwa hana budi kusimama. Asiyesimama hushukiwa kuwa ni adui au mhalifu. Kanuni hiyo ina sababu zake, wala hatukusudii kuipinga. Lakini twawaomba muitazame pamoja nasi kwa upande mwingine. Je, anayeamriwa akiwa ni mtoto kiziwi anayekwenda shule alfajiri, katika ukungu wa milimani, ataitiije sauti asiyoisikia?

Swali hili lina uzito wa pekee mahali kama Bweyeye. Tarafa hiyo ya Wilaya ya Rusizi, katika Mkoa wa Magharibi wa Rwanda, iko baina ya msitu wa Nyungwe na mpaka wa Burundi. Na ng'ambo ya mpaka msitu unaendelea kwa jina la Kibira. Ni mahali ambapo ulinzi ni lazima usiku na mchana. Zamani kufika huko kulikuwa na taabu kubwa; siku hizi iko barabara ya lami ya kilomita 32 kutoka Pindura, pale inapoachana na barabara kuu ya Huye na Rusizi. Hata hivyo, lami haikufika katika mlango wa kila nyumba. Mtoto bado hupanda na kushuka vilima katika njia za udongo utelezao, na kwa mwenye mguu dhaifu au macho hafifu kilima kimoja ni safari nzima.

Sheria haina kigugumizi katika jambo hili. Sheria ya Rwanda ya mwaka 2007 inayowalinda watu wenye ulemavu inatambua haki yao ya kupata elimu inayolingana na hali zao. Na mwaka 2008 nchi hiyo iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu. Sensa ya mwaka 2022 ilionyesha kwamba asilimia 3.4 ya watu wenye umri wa miaka 5 na zaidi nchini Rwanda wana ulemavu, yaani watu kama 34 katika kila watu 1,000. Basi hakuna tarafa iwezayo kusema kwamba jambo hili haliihusu.

Ni kweli kwamba ziko shule na vituo maalumu vya sifa njema. Kituo cha Gatagara kilianzishwa mwaka 1960 na Padri Joseph Fraipont Ndagijimana, na kimewasimamisha kwa miguu yao watoto wengi waliokuwa wakitambaa. Kibeho iko shule ya watoto wasioona, na Nyamirambo mjini Kigali iko shule ya viziwi. Lakini vituo hivyo haviwezi kuwapokea watoto wote, na kutoka Bweyeye viko mbali. Tena si kila mzazi awezaye kumtoa mtoto wa miaka saba akaishi ugenini. Kwa walio wengi, shule ni ile ya msingi iliyo karibu na nyumbani. Ikiwashinda hiyo, hawana nyingine.

Na si kila hitaji maalumu linataka fedha nyingi. Mtoto asiyeona vizuri huhitaji kuketi mbele na ubao ulioandikwa kwa herufi kubwa. Asiyesikia vizuri huhitaji kuuona uso wa mwalimu anaposema. Mwenye akili nzito huhitaji somo lilelile ligawanywe katika hatua ndogo ndogo na kurudiwa bila kejeli. Mwenye kifafa huhitaji wenzake wafahamu kwamba maradhi hayo hayaambukizi kwa mate wala kwa kuguswa. Na kwamba akianguka alazwe ubavu, asitiwe kitu chochote kinywani, na degedege ikipita dakika tano apelekwe haraka kwa mganga.

Huenda baadhi yenu mkauliza: Hayo ni ya walimu, sisi yatuhusu nini? Askari amekula kiapo cha kulinda mipaka na amani, hakukula kiapo cha kufundisha. Hoja hiyo ni ya haki, nasi hatuwaombi mshike chaki. Mwalimu mwenye darasa lililojaa hataki kusaidiwa na mtu asiyejua kazi yake. Twawaomba mfanye yale ambayo ninyi mwaweza kuyafanya kuliko mtu mwingine yeyote.

Kwanza ni hilo la njiani. Mkuu wa kituo na mwalimu mkuu wakikutana kila muhula unapoanza, walinzi wataweza kuwafahamu watoto wasiosikia, na watoto kuifahamu ishara moja ya kusimama, kama vile mkono ulioinuliwa na kiganja wazi, au mwanga wa tochi uliokubaliwa. Mkutano wa saa moja waweza kuokoa roho ya mtoto, na kumwokoa askari na majuto ya maisha yake yote.

Pili, ninyi ndio mnaopita kila kijia. Mwajua nyumba ipi ina watoto wanne na wanaokwenda shule ni watatu. Mara nyingi yule wa nne hafichwi kwa ukatili, bali kwa aibu na kwa kudhani kwamba kumsomesha ni kazi bure. Mzazi wa namna hiyo asitishwe kwa pingu. Neno la upole kutoka kwa mtu mwenye sare, likifuatwa na taarifa kwa mkuu wa kijiji na kwa shule, hufanya kazi kuliko karipio.

Tatu, mikono yenu imezoea kujenga. Katika umuganda na katika juma za kazi za jeshi na polisi mmejenga nyumba na madarasa. Basi mjengapo darasa au choo, msisahau njia ya mteremko. Kipimo kinachokubalika ni urefu wa sentimita 12 kwa kila sentimita moja ya kimo. Ngazi ya sentimita 30 yataka mteremko wa mita 3.6. Mteremko mfupi kuliko huo ni mtego, maana kiti cha magurudumu kitarudi nyuma na kumwangusha aliyekikalia. Na msichana asiyeweza kuingia chooni shuleni hatadumu shuleni, hata mwalimu awe hodari namna gani.

Nne, na hili ni la polisi hasa, wako waovu wanaowachagua watoto wenye ulemavu kwa kudhani kwamba bubu hatasema na mwenye akili nzito hataaminiwa. Kituo cha Isange kilichofunguliwa mwaka 2009 katika hospitali ya polisi ya Kacyiru kilikuwa mwanzo wa vituo vya kuwahudumia waliodhulumiwa kwa namna hiyo. Lakini kesi hufika huko ikiwa askari wa kwanza aliyepokea malalamiko hakumfukuza mlalamikaji. Mtoto asiyesema atafutiwe mjuzi wa lugha ya alama; asiambiwe arudi kesho.

Tunawakumbusha pia kwamba elimu ya vipofu yenyewe ina deni kwa mtu aliyewahi kuvaa sare. Charles Barbier, aliyepata kutumika katika jeshi la Ufaransa, ndiye aliyebuni maandishi ya nukta zinazosomwa kwa vidole. Louis Braille, kijana asiyeona, aliyarahisisha na kuyatangaza mwaka 1829, na hata leo watoto wasioona wanasoma kwa nukta hizo sita.

Wahenga walisema, "Hujafa hujaumbika." Askari anaijua methali hiyo kuliko raia, kwa kuwa amewaona wenzake waliokwenda vitani na miguu miwili wakarudi na mmoja. Hakuna kikosi chenye heshima kinachomwacha majeruhi wake porini kwa sababu anachelewesha mwendo. Humbeba. Twawaomba mtoto wa Bweyeye anayechechemea kuelekea darasani naye ahesabiwe kuwa ni wa kikosi hicho. Na kazi ianze muhula ujao, kwa mkuu wa kituo kubisha hodi katika ofisi ya mwalimu mkuu.