Wodi za Mlimani na Hatari ya Moto

Usiku wa Julai huko Lushoto, mahali palipoinuka kiasi cha mita 1,400, madirisha ya wodi hufungwa kwa ajili ya baridi. Oksijeni inayovuja humo haina pa kutokea. Gesi hiyo yenyewe haiungui, bali huchochea moto: hewa ya kawaida inayo asilimia 21 tu, na ikizidi hapo, cheche ndogo yatosha kuteketeza shuka. Aprili 2021, katika hospitali ya Ibn al-Khatib mjini Baghdad, moto uliohusishwa na mitungi ya oksijeni uliua watu zaidi ya 80.

Tanzania inayo Sheria ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ya mwaka 2007. Hata hivyo, ukaguzi wa hospitali usiishie kuhesabu vizimamoto. Aliyepasuliwa jana hawezi kukimbia, na majengo mengi ya Usambara yamesimama mteremkoni, nje ni ngazi. Heri asukumwe kitandani mpaka wodi ya jirani, nyuma ya mlango mzito uzuiao moshi. Basi kanuni ziudai mlango huo, tena upana wake ukizidi wa kitanda. Kipimo ambacho hata mwanafunzi aweza kukihakiki kwa futikamba.