Uliza Bei Kabla ya Maana

Kuna namna ya kusoma riwaya ambayo wengi wetu tulitoka nayo darasani. Mwanafunzi anaiona taa ya kijani katika The Great Gatsby, anaandika kuwa inaashiria matumaini, anapewa alama zake na kufunga kitabu. Toleo hili linabishana na usomaji huo. Tunashikilia kwamba katika riwaya za uhalisia za Marekani, hasa zile zilizotoka kati ya miaka ya 1880 na mwanzo wa karne ya 20, kitu hakiwi ishara mpaka kiwe na bei. Mhusika amekinunua, amepewa, ameshindwa kukipata au amelazimika kukiuza. Tabaka lake limo humo, katika kununua na kuuza, kabla mhakiki hajafika na orodha yake ya maana.

Chukua jino la McTeague. Katika riwaya ya Frank Norris ya mwaka 1899, McTeague anang'oa meno ya watu katika Polk Street, San Francisco. Ujana wake ulipita mgodini, na ufundi aliupata kwa kumfuata tabibu wa meno aliyekuwa akizunguka huku na huko. Anachotamani ni jino kubwa mno lililopakwa dhahabu, la kutundika nje ya dirisha lake kama kibao cha biashara. Trina, mchumba wake, anamnunulia.

Ni rahisi kuandika kwamba jino ni tamaa na kuishia hapo. Norris haishii hapo. Wakuu wa jiji wanamkataza McTeague kutibu kwa kuwa hana cheti, yeye na Trina, sasa mke na mume, wanahamia vyumba duni, na jino linawafuata. Halina tena pa kutundikwa. Linakaa kwenye kona, na Trina anazoea kulifanya meza: wakimaliza kula, anarundika juu yake sahani zenye mafuta. Mwishowe linauzwa kwa tabibu wa meno mwingine wa Polk Street, mpinzani wa McTeague. Na wakati wote huo Trina ana dola 5,000 alizoshinda kwenye bahati nasibu, ambazo hataki kuzigusa. Anguko lao, basi, halielezwi na ukata peke yake. Mtu anaweza kuwa na fedha na bado akawa anakula kando ya jino la dhahabu lenye mafuta ya sahani, kwa sababu tabaka ni kazi, cheti, mtaa na jicho la jirani pia. Sahani zile zimenifundisha jambo hili kuliko vitabu vingi vya nadharia.

Si ajabu kwamba Norris, Stephen Crane na Theodore Dreiser wote walipitia kwenye uandishi wa magazeti. Mwandishi wa habari huuliza kitu ni shilingi ngapi. Dreiser, katika Sister Carrie ya mwaka 1900, anatuambia kuwa binti Carrie analipwa dola 4.50 kwa wiki katika kiwanda cha viatu cha Chicago, na dola 4 kati ya hizo anampa dada yake za chakula na malazi. Baada ya hapo, mwanamume mmoja, Drouet, anapomtia mkononi noti mbili za dola kumi, msomaji ameshapiga hesabu mwenyewe. Koti analolitamani dukani halihitaji kufafanuliwa na mtu.

Katika The Rise of Silas Lapham ya William Dean Howells, ya mwaka 1885, mambo yanakuwa ya hila zaidi. Lapham ametajirika kwa rangi ya kupaka majumba, na anaalikwa chakula cha jioni na ukoo mkongwe wa Boston. Anahangaika: avae glavu au asivae? Anafika amezivaa, anamwona kijana wa nyumba ile mikono mitupu, anazivua haraka. Uwezo wa kununua glavu anao, tena nyingi. Asichoweza kununua ni kule kujua bila kuuliza.

Hapo ndipo hoja yetu inapokutana na mwamba wake. Charles Chesnutt, katika The Marrow of Tradition ya mwaka 1901, riwaya iliyotokana na mauaji ya Weusi mjini Wilmington mwaka 1898, anampandisha Daktari Miller kwenye treni. Miller ni Mweusi, msomi, mwenye mali, na tiketi yake ni ya daraja la kwanza. Treni inapofika Virginia, kondakta anamhamishia behewa la Weusi. Bei imelipwa kamili, na haijanunua kitu. Kisha Chesnutt anathubutu kwenda mbali zaidi: vibarua wa mashambani wanaingia na kelele na jasho lao, na Miller anakereka nao kama ambavyo wangemkera Mzungu yeyote wa upande wa pili wa treni. Rangi imemfungia ndani, na tabaka bado linamtenga humo humo.

Norris, aliyemchora mchuuzi Myahudi Zerkow kwa chuki ya wazi, asingeweza kuandika ukurasa huo. Kwa sababu hiyo makala inayomhusu Chesnutt tumeitanguliza kuliko zote, ingawa jina lake halifahamiki sana kwa wasomaji wetu, na zile za Norris, Dreiser na Howells tunaomba zisomwe baada yake.