Kabla hujasema “tujitoe”, msome Rehoboamu

Leo fungua Biblia yako 1 Wafalme sura ya 12. Wengi tunaipita haraka tukidhani ni siasa za kale. Ndani yake kuna kodi, kuna miradi ya serikali, na kuna watu waliojitoa kwenye umoja wao.

Sulemani alijenga. Hekalu lilichukua miaka 7, na nyumba yake mwenyewe miaka 13. Kazi hiyo ilibebwa na wananchi, kwa chakula cha meza ya mfalme na kwa shokoa. Alipokufa, makabila ya kaskazini yalimwendea mwanawe Rehoboamu kule Shekemu na ombi moja: awapunguzie mzigo, nao wangemtumikia. Hawakukataa kutoa. Wazee wakamshauri awasikilize, vijana wenzake wakamshauri akaze. Akakaza. Makabila 10 yakaondoka.

Mahubiri mengi huishia hapo. Wewe endelea kusoma. Yeroboamu, kiongozi wa waliojitoa, aliogopa kwamba watu wakiendelea kupanda Yerusalemu mioyo yao itarudi huko. Akawawekea ndama wa dhahabu Betheli na Dani. Vita kati ya pande mbili havikukoma. Mwaka wa 5 wa Rehoboamu, Shishaki wa Misri akaja akazoa hazina za hekalu na ngao za dhahabu. Mfalme akatengeneza ngao za shaba badala yake. Waliojitoa hawakupata amani, na waliobaki hawakutajirika.

Nasi Afrika Mashariki njia hiyo tunaijua. Jumuiya iliyoundwa mwaka 1967 ilikuwa na shirika moja la ndege, reli moja, bandari na posta za pamoja. Yakaja malumbano: nani anachangia zaidi, nani anafaidika zaidi. Mwaka 1977 ikavunjika. Mpaka wetu na Kenya ukafungwa hadi 1983, na ndugu wa Namanga na Holili wakatenganishwa na kizuizi. Makubaliano ya kugawana mali na madeni yalisainiwa Arusha mwaka 1984. Kila nchi ikalazimika kuanzisha upya mashirika yake kwa kodi za watu wake. Wazee walioitumikia Jumuiya walizunguka mahakamani miaka mingi wakidai mafao. Ngao zetu za shaba tulizinunua kwa bei ya dhahabu.

Ndiyo maana naogopa ninaposikia neno “tujitoe” kila panapotokea ugomvi, kama ule wa mahindi kuzuiwa kuingia Kenya mwaka 2021. Malalamiko yanaweza kuwa ya kweli. Hata ya makabila 10 yalikuwa ya kweli. Lakini malalamiko ya kweli hayafanyi kila dawa iwe njema.

Kwa watawala, somo ni la Shekemu: mwananchi anayeomba kodi ipungue si adui, bado anataka kukaa nawe. Msikilize kabla hajachoka.

Kwa sisi waumini, tujichunguze. Unakubali kununua bila risiti ili upunguziwe bei, kisha unalia zahanati haina dawa. Bwana wetu mwenyewe alilipa kodi ya hekalu kwa sarafu iliyotoka kinywani mwa samaki. Lipa, kisha uliza. Kanisani tunasomewa matoleo ya Jumapili iliyopita hadi shilingi ya mwisho, na hakuna anayeona ni uchochezi. Basi nenda na kwenye mkutano wa mtaa, uombe kwa heshima mapato na matumizi yasomwe.

Kuvunja ni kazi ya siku moja. Kujenga tena, muulize mzee aliyeyaona ya 1977. Ukitoka ibadani leo, mtafute mmoja, mwombe akusimulie.

Jumapili njema.