Mfumo Ukistaafishwa, Msimbo Wake Uwe wa Umma

Mwezi Aprili 2024 kampuni ya Microsoft, kwa kushirikiana na IBM, iliweka hadharani msimbo chanzo wa MS-DOS 4.00, mfumo endeshi wa mwaka 1988. Miaka kumi kabla yake ilikuwa imetoa matoleo ya awali zaidi kupitia jumba la makumbusho ya kompyuta huko California. Wanazuoni wenzangu walishangilia. Mimi nilishangilia kwa shingo upande, kwa kuwa kilichotolewa ni kile ambacho hakina tena mtumiaji wa kukitegemea.

Nilitembelea maabara moja ambako mashine ya vipimo, nzima kabisa, huongozwa na kompyuta yenye mfumo endeshi ulioachwa na mtengenezaji wake zamani. Kwa kuogopa virusi, wameikata kompyuta hiyo kutoka kwenye mtandao. Matokeo hunakiliwa kwa kalamu. Vijana wenye uwezo wa kuziba mianya ya mfumo huo tunao, tumewafundisha wenyewe. Wanachokosa ni msimbo na ruhusa ya kuugusa.

Huambiwa kwamba kuutoa msimbo ni kuwakabidhi wezi funguo. Hofu hiyo si ya kupuuzwa, maana mifumo hii ingali kazini. Lakini tutazame Windows XP, iliyoacha kuhudumiwa Aprili 2014. Mwaka 2017, kirusi cha WannaCry kilipozikumba hospitali za Uingereza, ni kampuni yenyewe tu iliyoweza kutoa masahihisho ya XP, na dunia ilisubiri hisani yake. Septemba 2020 msimbo wa mfumo huohuo ukavuja mtandaoni. Tangu hapo mwizi anao, wakati fundi mwaminifu angali amezuiwa na sheria ya hakimiliki. Ulinzi gani huu?

Zipo sehemu za msimbo zinazomilikiwa na kampuni nyingine. Hizo zizuiliwe, zilizobaki zitolewe.

Serikali ni mteja mkubwa, na mteja mkubwa huweka masharti. Mkataba useme kwamba siku huduma inapokoma, msimbo unakabidhiwa kwa Nyaraka za Taifa, mafundi wa umma wanaruhusiwa kuurekebisha, na baada ya miaka mitano unafunguliwa kwa wote. Kampuni moja ikikataa nchi moja, sishangai. Ndiyo maana sharti hili lingewekwa kwa pamoja na nchi za Afrika Mashariki. Ndugu zangu wa vitengo vya ununuzi, rasimu za zabuni zimo mikononi mwenu.