Gitaa Linalokwaruza Baada ya Kubadilishwa Nyuzi

Mpigaji atoaye nyuzi nene na kutia nyembamba katika gitaa lake la umeme huenda akasikia mkwaruzo ambao jana haukuwapo. Aghalabu lawama huangukia vile vijichuma vya shingoni, na tupa hutafutwa upesi, hasa kama bendi ina harusi Jumamosi. Tupa na ingoje, kwani chuma kilichosagwa hakirudi, na kutia vipya ni gharama kubwa.

Kisa hasa ni mvuto. Uzi wa kwanza ukipunguzwa kutoka milimita 0.25 hadi 0.23, mvuto wake kwa sauti ile ile hupungua kwa kiasi cha kuonekana. Shingo, iliyokuwa imepinda kidogo, hunyooka, na nyuzi huvikaribia vijichuma.

Kwanza nyuzi zote zilinganishwe sauti. Kisha uzi mnene ubonyezwe penye kijichuma cha kwanza na cha mwisho kwa pamoja, na jicho litazame penye cha saba. Panatakiwa uwazi wa kama milimita 0.25. Usipokuwapo, nati ya ufito wa chuma uliomo shingoni ilegezwe robo mzunguko tu, kisha sauti zilinganishwe tena na uwazi upimwe upya. Nati ikikaza, isilazimishwe; apelekewe fundi.

Uwazi ukiwapo na mkwaruzo ukadumu kote, vikalio vya nyuzi vipandishwe kidogo kwa skrubu zake. Ukikwaruza uzi usiobonyezwa peke yake, chanzo huenda ni mfereji wake kichwani mwa shingo. Mkwaruzo hafifu usiosikika katika kikuza sauti uachwe ulivyo.