Acheni Kumwongezea Mtu Ugali

Wasee wa Kondele, leo sizunguki mbuyu. Tuna tabia mbaya: mtu akikula kidogo, tunaona kama ametutukana. Na kama amefanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito, hapo ndio tunazidi. Nyuma yake tunasema "amepitia njia ya mkato." Mbele yake tunamwongezea ugali. Sasa kwani tunataka nini?

Nina binamu aliyefanyiwa hiyo operesheni Nairobi. Daktari anakata na kutoa karibu asilimia 80 ya mfuko wa chakula, kinabaki kitu chembamba chenye umbo la ndizi. Wiki za kwanza ni vitu vya majimaji tu, halafu vilivyopondwa, ndio baadaye ukaribie chakula cha kawaida. Vitamini ni za maisha yote. Maji hunywi pamoja na chakula, unangoja kama nusu saa. Ukikula mbio, tonge linakwama, kifua kinauma, unatapika. Hiyo ndio mnaita mkato?

Lakini kuna kitu wale wa kuposti picha za "kabla na baada" hawasemi. Kisu kinakata mfuko wa chakula. Hakikati stresi, hakikati upweke, wala mazoea ya kumaliza sahani ukiangalia simu. Miezi ya mwanzo njaa hupungua, kwa sababu ile sehemu iliyotolewa ndio hutengeneza kwa wingi homoni ya njaa, ghrelini. Baadaye njaa huanza kurudi. Na mfuko mdogo hauwezi kuzuia soda, aiskrimu, ama chipsi za kudonoadonoa kutwa nzima. Zote zinapita. Ndio maana kuna watu hurudisha kilo.

Kwa hivyo pamoja na daktari, mtu anahitaji kujifunza kula kwa makini. Simu chini. Tonge dogo. Tafuna mpaka lilainike. Jiulize: hii njaa ni ya tumbo ama ni ya hasira? Ukishiba, acha, hata kama samaki imebaki nusu.

Najua kuna mtu atasema hayo ni mambo ya watu wa Milimani na yoga zao. Ni kweli, Jon Kabat-Zinn alianzisha mafunzo ya umakini Massachusetts, Marekani, mwaka wa 1979, na zoezi lake maarufu ni kula zabibu kavu moja, polepole. Lakini sisi tuna mwalimu mkali kuliko zabibu: mgongo wazi wa Obunga. Hebu jaribu kula mgongo wazi ukiwa TikTok. Mfupa utakukumbusha uko wapi! Vidole vinatafuta, ulimi unachambua, macho yako kwa sahani. Umakini tunaujua. Tuliuacha tulipoanza kumaliza chipsi ndani ya matatu.

Shida ni meza zetu. Ukienda matanga ama harusi, sahani inajazwa kwa mapenzi. Dani anasema "chiem, nyathina," na ukikataa unaonekana unaringa. Dani namheshimu, na ukarimu wake sitaudharau. Lakini mapenzi si lazima yapimwe kwa mwiko. Binamu yangu akisema "nimeshiba" baada ya vijiko vitano, ameusikiliza mwili wake, na hiyo ni kazi ngumu. Ukimwambia "ongeza kidogo, usituletee za Nairobi," unamfundisha asijisikilize. Na akirudisha kilo, wewe huyo huyo ndio wa kwanza kucheka.

Na si yeye pekee. Utafiti wa kitaifa wa afya, KDHS ya 2022, ulipata kwamba zaidi ya wanawake 4 kati ya 10 wa miaka 20 hadi 49 wana uzito uliozidi. Wengi wao hawatawahi kuona hicho kisu. Lakini wote wanakula na sisi.

Sasa skiza. Usimwongezee mtu bila kumuuliza. Usimhesabie vijiko. Usimuulize amepunguza kilo ngapi. Mwache amalize kwa mwendo wake, hata kama nyinyi mmeshanawa mikono. Kama unabisha, kuja tubishane. Lakini kwanza weka hiyo simu chini, umalize chakula.