Alama ya Kisu na Nchi Kilikotoka

Mnunuzi hawezi kukijua kisu kwa kukitazama tu. Bapa lenye kung'aa si dalili ya chuma kizuri, wala mpini wa kupendeza si dalili ya makali yatakayodumu. Ndiyo sababu tangu zamani watu wameitegemea alama iliyopigwa juu ya bapa, nayo ikawa kama ahadi ya fundi mwenyewe. Lakini kinachoaminiwa na wengi huwatamanisha wadanganyifu.

Huko Uingereza mji wa Sheffield umesifika kwa visu karne nyingi, na katika mwaka 1624 Bunge liliidhinisha chama cha mafundi wa visu wa huko. Katika karne ya kumi na tisa baadhi ya visu vilivyofuliwa Solingen, mji wa Ujerumani, viliuzwa vikiwa na jina la Sheffield. Mafundi wa Sheffield walinung'unika kwamba jasho lao linaliwa na wengine. Basi mwaka 1887 ikatungwa sheria ya kuzuia bidhaa za kigeni zisiingie Uingereza zikijifanya za Kiingereza, isipokuwa zimeonyesha wazi nchi zilikotengenezwa.

Wako waliodhani kwamba jina la Ujerumani lingewakimbiza wanunuzi. Haikuwa hivyo. Kazi ya mafundi wa huko ilizidi kuwa bora, hata jina lile likageuka kuwa sifa. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kisha Solingen nao wakahitaji kulindwa. Walipata sheria yao mwaka 1938, na kwa amri ya mwaka 1994 kisu hakiruhusiwi kuitwa cha Solingen ila kama hatua zote kubwa za kukitengeneza zimefanyika katika eneo lile.

Marekani ilianza kudai alama za nchi katika sheria ya forodha ya mwaka 1890, na ile ya mwaka 1930 ingali ikitumika. Bidhaa ya kigeni sharti ionyeshe kwa Kiingereza jina la nchi ilikotoka, mahali panapoonekana. Kwa visu, kanuni ni kali zaidi. Karatasi ya kubandika haitoshi, kwa maana hubanduka. Jina sharti ligongwe katika chuma, au lichorwe kwa asidi, au lichongwe, au liandikwe juu ya kibamba cha chuma kilichofungwa imara. Mwagizaji asiyetimiza haya, wala asiyarekebishe mbele ya maofisa wa forodha, hutozwa asilimia 10 ya thamani ya mali, juu ya ushuru wa kawaida. Naye aifutaye alama kwa kusudi la kuficha hutenda kosa la jinai.

Alama hainoi kisu. Nchi moja hutoa visu vyema na vibovu pia. Lakini mnunuzi aliyesoma jina la kweli amejua wa kusifiwa kisu kikikata, na wa kulaumiwa kikivunjika. Yafaa basi kukigeuza kisu na kusoma bapa lake kabla ya kufungua mkoba.